Tunamwimba Mmoja, Waliuawa Watatu

Kila tarehe 17 Januari nyimbo za kumlilia Patrice Lumumba husikika tena, na nyumbani wazee husimulia upya habari za usiku ule wa mwaka 1961. Hatuna ugomvi na machozi hayo. Ugomvi wetu ni juu ya yale yanayorukwa.

Waliuawa watatu. Ndege moja iliwashusha Luano: Lumumba, waziri mkuu wa kwanza, Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Usiku huohuo walipelekwa porini Shilatembo, wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine, Okito akitangulia. Mchoraji wa mji wetu, Tshibumba Kanda Matulu, alipouchora msiba huo miaka ya 1970, aliweka misalaba mitatu. Picha za namna hiyo zilitundikwa sebuleni mwetu, lakini watoto waliokua chini yake walifundishwa jina moja tu. Je, Okito hakuzaliwa na mama?

Tena, nani aliyeua? Masimulizi hujibu upesi: Wabelgiji. Ni kweli, maofisa wa Kibelgiji walikuwapo, na tume ya Bunge la Ubelgiji ilikiri mwaka 2001 kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walikuwa na wajibu wa kimaadili (neno laini mno kwa miili iliyofukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi). Lakini bunduki zilishikwa na askari wa Katanga, na Moïse Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walisimama wakitazama. Mwezi Februari serikali yao ikatangaza kwamba wafungwa walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Wanakijiji! Maskini wakabebeshwa damu iliyomwagwa na wakubwa, na hatujasikia wimbo hata mmoja unaowasafisha.

Wapo watakaotuonya kwamba kusema hivi ni kuchochea ukabila. Sisi twaona kinyume: chuki hulelewa pale ambapo kila ukoo hunong'ona habari yake na kufunga mlango. Kaini na Abeli walizaliwa nyumba moja, nasi twalisoma hilo kanisani bila kumwogopa mtu.

Mwaka 2022 jino la Lumumba lilirudishwa kutoka Ubelgiji, likapitishwa hapa kwetu, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Mpolo na Okito hawakupata jeneza. Basi twawaomba wanaoandika nia za Misa ya Januari: andikeni majina matatu, mkianza na Okito.