Mafuta yakishuka, nauli nayo ishuke

Petroli ilipovuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa Juni. Nauli za mabasi zilikuwa zimekwisha kupanda Mei, na Desemba 2023 zikapanda tena. Songea, ambako mafuta hufika kwa malori kutoka bandari za mbali, mkulima huumia mara mbili: hulipa nauli, kisha gunia lake la mahindi hutozwa kwa mapatano na kondakta, ambayo kwa kweli si mapatano. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Zikishuka, anayefaidi ni mwenye gari. LATRA ipitie nauli hata bei zinaposhuka, na tozo za mizigo zibandikwe stendi.