Msiusingizie upepo

Kila mwaka, mvua za kwanza zinaporudi mwezi wa tisa, twasikia habari ile ile katika vilima vya Kivu: upepo umechukua paa la shule, upepo umefunua nyumba ya mjane. Watu huja, husema pole, huokota mabati yaliyotupwa migombani, huyanyosha kwa nyundo, kisha huyapigilia tena juu ya miti ile ile, kwa namna ile ile. Nalo wingu jingine laja. Hapo ndipo tunapogombana na ndugu zetu. Upepo una kosa lake, hatukatai. Lakini sehemu kubwa ya kosa ni ya yule aliyejenga, na ya yule aliyemlipa bila kupanda ngazi atazame.

Wengine hujibu kwamba tufani ni mambo ya pwani, kama ile ya Idai iliyoupiga mji wa Beira, Msumbiji, mwezi wa tatu 2019. Ni kweli, tufani za namna ile hazitufikii huku bara, karibu na ikweta. Lakini wataalamu waliohesabu radi za dunia kwa chombo kilichozunguka angani walitangaza mwaka 2016 kwamba mahali pa kwanza ni ziwa Maracaibo la Venezuela, na pa pili ni Kabare, hapa kwetu: radi zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilometa mraba. Penye radi nyingi pana mawingu makubwa ya dhoruba. Wingu la namna hiyo linapomwaga mvua huangusha pia hewa baridi yenye uzito, nayo ikifika chini haina pa kwenda ila pembeni, ikikimbia kwa nguvu kwa dakika chache tu. Dakika hizo zinatosha. (Wako wanaomtafuta mchawi aliyeutuma upepo. Afadhali wangeitafuta misumari.)

Kosa la kwanza limo vichwani. Watu hudhani upepo hulikandamiza paa, au hulisukuma kwa ubavu. Ndiyo maana huweka mawe juu. Sivyo. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Na kama mlango au dirisha la upande wa upepo li wazi, hewa huingia ndani na kulisukuma toka chini. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Upepo wa kilometa 100 kwa saa una nguvu ya kilo 45 hivi kwa mita mraba moja, na kwenye pembe za paa mvuto waweza kupita hapo. Bati la mita 3 hufunika mita mraba 2 na zaidi. Basi bati moja laweza kuvutwa kwa nguvu ya kilo 100, na lenyewe halifiki uzito wa kilo 10. Jiwe la kilo 5 litafanya nini? Litamwangukia mtu. Na kabla ya siku hiyo litakuwa limekwisha kuikwaruza zinki, kutu iingie.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Nyumba ya majani ilikuwa na paa la kusimama, na kila mti ulifungwa kwa kamba kwenye mti mwenzake, mpaka kwenye nguzo iliyozikwa ardhini. Sisi tulipopata bati tukaitupa kamba. Tukasahau kwamba majani hupitisha hewa kidogo, lakini bati ni kama tanga la mtumbwi.

Nendeni mkatazame paa lililotupwa shambani. Mara nyingi mtakuta mabati yangali yamepigiliwa vizuri kwenye miti yake. Maana yake ni nini? Msumari ulifanya kazi yake. Mti ndio haukufungwa na ukuta. Uliwekwa tu juu ya matofali, pengine kwa msumari mmoja, kama kofia kichwani. Dawa yake si ghali: chuma cha beto cha milimita 6 kiachwe kikitokeza katika mkanda wa beto juu ya ukuta, kikunjwe juu ya boriti. Asiye na beto apitishe waya nene ya zinki chini ya safu kadhaa za matofali, aikaze juu ya kila boriti. Mchana mmoja wa kazi.

Misumari nayo ina hadithi yake. Mafundi wengine hutumia msumari wa kawaida na kifuniko cha chupa, tena huupiga bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita. Msumari wa bati wenye kofia na mpira hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, nao uwe karibu karibu zaidi kwenye upenu, kileleni na kingoni, maana upepo huanzia huko. Na huko Goma, ambako moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira huifanya mvua kuwa na asidi, kutu huwahi kuingia kwenye tundu la msumari. Asiyekagua atashangaa.

Juu ya upenu hatusemi ufupishwe ovyo. Ukuta wa udongo usiokingwa utayeyuka. Lakini baraza ijengewe paa lake peke yake, chini ya lile kubwa, ili upepo ukiichukua baraza usiondoke na nyumba nzima.

Twajua jibu: sisi ni maskini. Maskini ndiye asiyeweza kununua mabati mara mbili. Kisha tumewaona wasio maskini wakifanya vile vile. Hulaza paa ili kuokoa mabati machache, ingawa paa lililolala huvutwa zaidi kuliko lenye mwinamo wa nyuzi 30. Hununua bati la geji 32 wakidhani namba kubwa ni unene mkubwa, kumbe ni robo milimita tu. La 28 lakaribia milimita 0.4. Pesa zinazobaki huenda kwenye rangi. Siku ya kufungua shule wakubwa husifu rangi, hukata utepe, hula, huenda zao. Nani kati yao ameomba ngazi?

Chini ya bati hilo huketi watoto hamsini. Bati linaloruka hukata kama panga. Kwa hiyo twawaambia wazazi na kamati za shule: mwezi wa saba, watoto wakiwa nyumbani na jua likiwaka, pandeni. Vuteni kila boriti kwa mkono. Chokoeni miti kwa kisu, muone kama mchwa wamo. Msumari uliolegea ung'oeni, mpige mwingine mrefu mahali papya, na tundu la zamani lizibwe. Fundi akisema amemaliza, mwambieni awaonyeshe waya.