Kompyuta haijafa, fundi hajapima!

Jamani wasomaji, leo nina hasira kidogo, mnivumilie. Neno "imekufa" lingepigwa marufuku katika vibanda vyote vya kompyuta, kuanzia hapa Sugoi hadi Eldoret mjini. Fundi anabonyeza swichi mara mbili, mashine haiwaki, anatikisa kichwa kama daktari wa sinema, kisha anatoa hukumu: mazabodi imekufa. Hajafungua kifuniko! Hajashika multimita!

Mama mmoja mwenye sayba hapa kwetu aliambiwa hivyo mwezi uliopita. Mashine yake ndiyo vijana wanajazia fomu za HELB na wakulima wanafanyia ritani za KRA, kwa hiyo kila siku inayolala ni hasara. Akatajiwa bei ya bodi inayokaribia mtumba mzima. Nilipofungua plagi, fyuzi ilikuwa imeungua. Fyuzi! Plagi zetu za pini tatu huwa na fyuzi ndani, na hakuna aliyejishughulisha kuitazama. Nikaweka nyingine, ikawaka, na inawaka hadi leo. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "yule alisomea nini?"

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mafundi wetu huyachanganya. Kuna mashine isiyowaka kabisa, na kuna inayowaka feni zikazunguka lakini skrini ikabaki nyeusi. Ya pili mara nyingi ni RAM iliyolegea au yenye vumbi: itoe, ifute, irudishe. Ya kwanza ndiyo ya umeme, na umeme hufuatwa kuanzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Badilisha waya. Chomoa kila kitu, shikilia swichi sekunde thelathini, ujaribu tena, maana pawa saplai nyingi hujifunga zikihisi hitilafu na hazifunguki mpaka zikose umeme kabisa. Mitumba mingine ya zamani ina kiswichi nyuma chenye 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na stima yetu ni 240, utasikia mlio, na hiyo saplai usihangaike nayo tena.

Sasa saplai yenyewe. Katika zile za ATX, hata mashine ikiwa imezimwa, waya wa zambarau lazima uwe na volti 5 hivi. Hazipo? Saplai ndiyo mgonjwa, mwache mazabodi! Zipo? Unganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi, saplai ikiwa nje ya bodi, halafu upime: waya wa njano uwe kati ya 11.4 na 12.6. Feni kuzunguka peke yake si ushahidi. (Mashine nyingi za ofisi za Dell na HP zina viunganishi vyao wenyewe, hizo msiziguse kwa klipu.) Ila saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa.

Mazabodi nazo hufa, sikatai. Kapasita mbovu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliua maelfu ya Dell OptiPlex GX270, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya balaa hilo. Lakini hata huko ushahidi ulionekana kwa macho: vichwa vya kapasita vilivimba. Tazama kwanza!

Najua fundi atajitetea: mteja halipii kupima, hulipia spea tu. Kuna ukweli hapo, na sisi wateja tumechangia. Basi tulipe kupima. Mwaka 2023 pekee nchi nzima ilizimika tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, na stima inaporudi kwa kishindo saplai ndizo hupigwa mbele. Kazi ya kupima haitaisha leo wala kesho, na multimita ya bei rahisi ni senti chache ukilinganisha na bodi.

Kwa hiyo mkiambiwa "imekufa", ulizeni volti ngapi, kwenye waya gani. Asipokuwa na namba, beba mashine yako uondoke. Akiwa nayo, lipa, na udai kile kifaa cha zamani mkononi mwako.