Msitutunie magari ya Mombasa

Simamisha Land Rover ya zamani pale Cheptiret kando ya barabara kuu ya Nakuru, fungua boneti, uone. Kabla hujashika bisibisi, vijana wa bodaboda watakuwa wamekuzunguka, na hukumu ya baraza lao haibadiliki: kabureta imekufa, nunua nyingine. Baadhi ya mafundi nao hukata kesi vivyo hivyo, ila wao hulipwa.

Mimi ni mkulima wa mahindi na maziwa. Gari langu ni Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, jamii ya zile zilizokuwa zikiunganishwa Thika kwenye kiwanda cha Leyland. Asubuhi hubeba mikebe ya maziwa, na masika hupita mahali ambapo pikapu mpya husubiri kuvutwa na trekta. Nina neno kwa mafundi wetu, na neno zito zaidi kwa wanaowafundisha: mnatutunia magari utadhani tunaishi Mombasa.

Cheptiret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi. Kila injini inapovuta pumzi, hupata pungufu karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa ambayo ingeipata Pwani. Kabureta haina habari. Yenyewe hungoja hewa ipite kwa kasi kwenye koo lake, kasi hiyo ifyonze petroli kupitia jeti, basi. Hupima mwendo wa hewa, haipimi uzito wake. Injini ya petroli hutaka takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kabureta iliyowekwa barabara pale Likoni, ikiletwa huku bila kuguswa, itamwaga petroli iliyozidi kwa kiasi cha asilimia 10. Ndipo unapoona moshi mweusi, plagi zilizojaa masizi na tangi linalokauka kabla ya Ijumaa. Ukiendelea kupanda kupitia Burnt Forest hadi Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700, mambo yanazidi.

Marubani wanalijua hili vizuri. Ndege ndogo zenye injini za kabureta huwa na kitasa chekundu cha mchanganyiko, na rubani hupunguza petroli kadiri anavyopaa. Land Rover haikupewa kitasa hicho. Kitasa chake ni fundi.

Na fundi, akiona moshi mweusi, hukimbilia skrubu ya mchanganyiko. Anaikaza kidogo, injini inatulia, anafuta mikono, analipwa. Mteja anafika kilima cha kwanza na mzigo wake, moshi uleule. Sababu ni kwamba skrubu ile hutawala petroli wakati injini inanguruma tu bila kukanyagiwa mafuta. Mguu ukishashuka, kazi inashikwa na jeti kuu, kitundu cha shaba kilichotobolewa kwa kipimo, na hakuna skrubu inayokifikia. Dawa yake ni kukifungua na kuweka jeti yenye namba ndogo zaidi, kisha kupanda kilima na kusoma rangi ya plagi. Kahawia hafifu, umefika. Nyeusi, bado. Nyeupe kama chokaa, umepitiliza, na huko ndiko vali huungua. Jeti ni kitu cha kutia mfukoni pamoja na chenji. Kabureta nzima ya kuagiza ni jambo jingine, na mara nyingi huja na jeti za nchi tambarare, kwa hiyo unanunua moshi mpya.

Wanaosema kabureta kuukuu zina ugonjwa wake hawasemi uongo. Zenith iliyofungwa kwenye injini yangu inajulikana kwa hilo: mfuniko wa juu hujipinda kwa joto, na kimpira cha mviringo kilicho ndani huchakaa, petroli ikaanza kupenya njia zisizo zake. Hapo waweza kugeuza skrubu hadi jioni bila faida. Unabandika msasa laini juu ya kioo cha dirisha, unasugua mfuniko polepole hadi unyooke, unabadilisha kimpira. Ni kazi ya uvumilivu kuliko ya elimu. Nilipoifanya barazani, jirani mmoja aliniuliza kama nasaga wimbi.

Kuna mpangilio, na haufai kurukwa. Kabureta huja mwisho. Kwanza chujio la hewa, kwa sababu vumbi letu la Januari lingeweza kuziba hata pua ya tembo. Halafu plagi, pointi na taimingi. Halafu gasketi za manifoldi, kwani hewa ya wizi ikiingia hapo itamdanganya fundi yeyote. Pia nusa petroli yenyewe. Mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuwavunja nguvu waliokuwa wakiyachanganya na mafuta mengine; si kila lawama ni ya kabureta. Baada ya hayo yote ndipo unaipasha injini moto, unahakikisha choki imefunguka, unageuza skrubu ndani mpaka injini ikohoe, unairudisha nje taratibu mpaka mngurumo ulainike.

Anayetaka uhakika atumie geji ya vakyumu. Hapa tena kitabu kinatupoteza. Vitabu vingi husema injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Ni kweli, ukiwa ufuoni. Kila unapopanda kama mita 300, ondoa inchi moja, kwa hiyo huku kwetu injini yenye afya husoma 12 hivi. Fundi mmoja mjini Eldoret aliwahi kuisoma 12 yangu, mshale umetulia tuli, akanitangazia: "Mama, ringi zimekwisha, tufungue injini." Kazi hiyo ingenigharimu mtamba. Nilimwomba tu anirudishie ufunguo.

Simlaumu sana kijana huyo. Alifundishwa namba, hakufundishwa mlima. Vyuo vya ufundi vinajivunia mashine za kusoma kompyuta za magari, na ni haki yao, maana hayo ndiyo magari yanayoingia: sheria hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane. Lakini kabureta si ya makumbusho. Hao waliozunguka boneti yangu, wengi wao wamekalia kabureta. Pikipiki inayoteremka kutoka Iten hadi bonde la Kerio hushuka zaidi ya mita elfu moja, na anayeiendesha husikia injini ikibadilika hata kama hawezi kueleza kwa nini. Chuo kilicho nyanda za juu kinachomtahini mwanafunzi wa magari bila kumpa geji, jeti tatu na kilima kinampa cheti cha mkoa mwingine.

Wapo wanaonishauri nitoe injini hii niweke ya dizeli ya Kijapani. Ushauri mwema kwa mwenye pesa za injini, giaboksi, na ukaguzi wa upya wa logibuku. Mimi nina pesa za jeti.

Kwa hiyo fundi anayetaka kuniuzia kabureta mpya namkaribisha, milango iko wazi. Aje asubuhi mikebe ikiwa imejaa, aifunge yeye mwenyewe, kisha tupande pamoja hadi Burnt Forest. Akifika bila moshi, nanunua. Akifika na moshi, nauli ya kurudi ni juu yake.