Nishani Ina Jina, Ardhi Haina

Sisi watu wa pwani tukiisikia Isiolo, fikira zetu hukimbilia ngamia, vumbi na njia ya kwendea Marsabit. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka nilipoalikwa arusi huko Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo. Nilikwenda kula pilau, nikarudi na swali ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa asili ya Kisomali. Baada ya sala ya alasiri aliingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati. Ndani yake mlikuwa na nishani ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza.

"Hii ni ya babu yangu," aliniambia. "Alikuwa askari wa K.A.R. Tazama ukingoni, mwanangu. Utaliona jina lake na nambari yake."

Nikatazama. Kweli lilikuwako, limechongwa kwa herufi ndogo ndogo. Nikamwuliza kama babu yake alipewa na karatasi ya shamba hili tulipokaa. Mzee akacheka kicheko kisichokuwa na furaha. "Karatasi? Aliambiwa kaa hapa, akakaa. Neno la mzungu ndilo lililokuwa karatasi."

Huyo babu hakuwa peke yake. Inajulikana kwamba baada ya vita vile Waingereza waliwaweka Isiolo askari wa Kisomali waliowatumikia, wengi wao wakiwa Isaaq na Harti, na kwamba mji wenyewe ulikua kwa jasho na mifugo ya watu hao pamoja na jirani zao Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Vita vikaisha, mtu akapewa nishani na mahali pa kukaa. Lakini vita viliishaje, na waliovimaliza walimkumbuka nani?

Tarehe 11 Novemba 1918, alfajiri, ndani ya behewa la garimoshi katika msitu wa Compiègne huko Ufaransa, wajumbe wa Ujerumani wakiongozwa na Matthias Erzberger walitia saini mapatano ya kusimamisha vita mbele ya Jemadari Foch. Mapatano yale yalikuwa na vifungu 34. Ukiyasoma utastaajabu kwa hesabu zake. Ujerumani ilitakiwa kutoa mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000, vichwa vya garimoshi 5,000, na mabehewa 150,000. Kila chombo kilitajwa kwa idadi yake.

Afrika Mashariki yetu ilipata kifungu kimoja tu, cha 17, nacho kilikuwa sentensi moja. Kwanza washindi waliandika kwamba majeshi ya Ujerumani yaliyoko huku yasalimu amri bila ya masharti katika muda wa mwezi mmoja. Erzberger akashindania heshima ya jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, ambalo lilikuwa bado porini halijashindwa. Neno likabadilishwa. Badala ya "kusalimu amri" likaandikwa "kuondoka", katika muda utakaowekwa na washindi.

Kuondoka kwenda wapi? Mjerumani alikuwa na kwao. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Alikuwa na Wazungu 155, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi kiasi cha 1,500. Wale Wazungu wakapandishwa meli Dar es Salaam, na Machi 1919 wakapita Berlin wakishangiliwa. Askari na wapagazi hawakuwa na pa kuondokea, maana walikuwa wamo katika ardhi yao wenyewe. Walizuiliwa Tabora wakingoja ruhusa ya kurudi makwao, nao walikuwa wakidai mishahara. Husimuliwa kwamba malipo kutoka Ujerumani yaliwafikia wazee wachache tu mwaka 1964, karibu miaka 46 baadaye!

Upande wa Waingereza nao haukuwa bora. Kwa hesabu zao wenyewe, wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Tukisema Kariakoo leo tunafikiria soko, tukasahau kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi. Wengi waliokufa mishahara yao haikuwafikia warithi wao, ikabaki hazina.

Sisi tuliosoma chuoni tunaukumbuka mkataba wa Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Suhail bin Amr alikataa Mtume (S.A.W.) asiandikwe kwa cheo cha utume, naye Mtume akaridhia lifutwe neno lile, likaandikwa jina lake na la baba yake. Heshima ya neno iliachwa ili amani ipatikane. Lakini makabila hayakuachwa. Kila kabila lilipewa hiari ya kuingia upande liutakao. Khuzaa wakaingia upande wa Waislamu, Bani Bakr upande wa Makureshi. Na Khuzaa walipokuja kushambuliwa, mkataba ukahesabiwa umevunjwa, kwa kuwa wao walikuwamo ndani yake. Aliyetajwa ana mtetezi.

Huko Compiègne mambo yalikwenda kinyume. Walishindania neno la heshima wakalipata, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili wakasahauliwa. Behewa lilihesabiwa, mpagazi hakuhesabiwa.

Najua atatokea mtu aseme kwamba mapatano ya kusimamisha vita ni kazi ya majemadari, nayo hutaja silaha tu. Sawa. Lakini hata mkataba wa Versailles wa 1919 uliyagawa makoloni bila ya kuwauliza wenyewe. Asiyetajwa siku ya kwanza ni vigumu kukumbukwa siku ya pili.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya bara peke yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 ilipoletwa pwani, kila mwenye dai alitakiwa kuja na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Waliokaa wakiamini kwamba mnazi wa babu ni ushahidi wa kutosha, wajukuu wao leo wanaitwa maskwota. Dini yetu ilikwisha kutuonya. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani inatuamrisha kuandika deni na kuweka mashahidi.

Kenya sasa ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, inayotaka jamii ziandikishwe pamoja na orodha ya watu wake. Hii ni sawa na kifungu kinachoandikwa upya, safari hii na sisi wenyewe. Shauri langu kwa watu wa Burat, na kwa kila aliyekaa kwa neno la mdomo, ni hili: msingoje. Waketini wazee wa makabila yote pamoja, kabla hawajatutoka. Waseme nani alikaa wapi na tangu lini, yaandikwe, mashahidi watie saini. Na wanaosimamia orodha wasimwache mtu nje kwa sababu babu yake alikuja na bunduki ya mkoloni, au kwa sababu jirani yake ana sauti kubwa zaidi.

Nilipoagana na mzee alikuwa akiifuta ile nishani kwa ncha ya shuka lake. "Jina la babu lipo hapa," aliniambia, "lakini hapa hapalimwi."

Nami sikuwa na la kumjibu.