Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Nimemaliza chuo, cheti sina

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, ila hasira ninayo na sitaificha.

Nimesoma shahada ya ualimu wa hisabati na fizikia kwa miaka mitatu. Chuo sikitaji, kwa sababu matokeo yangu bado wanayo wao. Mitihani yote nilifanya, ada nilimaliza. Lakini alama za somo moja la muhula wa mwisho hazimo kwenye mfumo. Aliyetufundisha alikuwa mhadhiri wa muda. Chuo hakikumlipa, akaondoka bila kukabidhi alama. Seneti haiwezi kupitisha matokeo yenye pengo. Mahafali yakapita, jina langu halikusomwa, na cheti sina.

Ofisi ya mitihani inanituma idarani, idara inanirudisha ofisi ya mitihani. Mkuu wa idara ameniambia nivumilie. Nivumilie hadi lini? Nafasi za walimu zilipotangazwa, masharti yalikuwa yale yale ya kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira: hati za matokeo ya muda hazikubaliki. Siwalaumu, wana haki ya kudai cheti. Ila mimi cheti sina. Nikaenda shule binafsi iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa fizikia. Mkuu wa shule akafungua bahasha yangu, akatoa cheti cha kidato cha nne, akatoa cha sita, akaikung'uta bahasha. "Cha chuo kiko wapi?" Sina. Wanafunzi wake wakaendelea kukaa bila mwalimu wa fizikia, nami nikarudi nyumbani ambako mama anaulizwa na majirani kama kweli nilimaliza.

Bodi ya Mikopo ilinisomesha kwa fedha za umma. Sheria inataka nikatwe 15% ya mshahara kuzirejesha, na nitakatwa kwa moyo mmoja. Mshahara wenyewe utatoka wapi wakati cheti sina?

Mheshimiwa, Tume ya Vyuo Vikuu ina nguvu ya kisheria tangu 2005. Mwaka 2017 ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na nchi nzima ikajua kwamba ikiamua inaweza. Basi iamue na hili. Chuo kinachodahili wanafunzi wengi kuliko wanaoweza kufundishwa na wahadhiri kilionao, kisha kikaziba pengo kwa watu wa mkataba kisiowalipa, kinachukua fedha ya mwanafunzi kwa huduma kisiyoweza kuitoa. Huo ni udanganyifu, na anayeulipia ni mwanafunzi peke yake, kwani ugomvi wa malipo kati ya chuo na mhadhiri haumhusu hata kidogo.

Naomba uagize mambo mawili. Vyuo viwekewe siku ya mwisho ya kutoa vyeti baada ya mtihani wa mwisho, na chuo kitakachoivuka kizuiwe kudahili. Na sisi ambao alama zetu zimekwama, tusahihishiwe upya au tutungiwe mtihani mwingine mwezi huu. Niko tayari kuufanya hata kesho.