TAHARIRI: Maji ya Bomba na Maji ya Chupa



Tangu masika yaliyopita tunaona jambo geni. Bomba linatoka, foleni ya ndoo ipo, lakini mama akitaka kumpa mtoto maji ya kunywa anamtuma dukani akalete chupa. Ukimwuliza anasema, "Ya bomba yananuka dawa." Mwingine anasema yanatoka meupe kama maziwa, eti yametiwa chokaa.

Mpango wa Serikali wa mwaka 1971 ulitaka kila mwanakijiji nchini apate maji mita 400 kutoka nyumbani ifikapo 1991. Kwetu yalifika baadaye sana, na mtaro tuliuchimba wenyewe kwa majembe. Leo tunanunua chupa ya lita moja na nusu kwa sh. 1,000/=, na ndoo ya lita 20 bombani ni sh. 50/=. Kwa chupa moja ungepata ndoo 20. Hata sisi wa ngumbaru hesabu hiyo tunaiweza.

Ule weupe ni hewa iliyobanwa ndani ya bomba. Weka maji kwenye glasi, utaona yanaanza kung'aa kutoka chini, na dakika moja mbili yametulia. Harufu ni ya klorini, dawa inayoua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara. Maji yakilala usiku mmoja kwenye chombo chenye mfuniko, harufu hupungua. Cha kuogopa ni maji yasiyotiwa dawa, na hayo hayanuki kitu.

Lakini tusiwalaumu akina mama. Masika hayo dawa iliisha wiki tatu. Kamati ya maji ilijua, nasi viongozi tulijua, tukanyamaza eti tusiwatie watu hofu. Watu walijua walipoanza kupelekana zahanati. Tena siku ya mkutano, mezani kwetu palikuwa na chupa sita, zimenunuliwa kwa fedha ya mfuko wa maji! Mtu akiona hivyo ataamini nini? Hapo tulikosa, na sisi tunaoandika hapa tulikunywa.

Kwa hiyo tumekubaliana: kila Jumatatu asubuhi mtunza bomba atapima maji mbele ya watu, kwa kile kichupa ambacho maji yenye dawa hugeuka rangi ya waridi. Yasipogeuka, ubao utaandikwa saa hiyo hiyo: CHEMSHENI. Dawa iliyobaki stoo itaandikwa ukutani hapa pamoja na mapato. Mezani kwa viongozi patakaa jagi la maji ya bomba.

Chupa hatuzipigi marufuku, msafiri anazihitaji. Ila kikombe kinachochovywa ndooni kwa mkono mchafu hakuna kamati inayoweza kukizuia, hilo ni la kila nyumba.

Tangi litaoshwa Jumamosi saa 1 asubuhi. Kila nyumba ilete mtu mmoja na brashi. Maji yatafungwa hadi saa 9 alasiri, basi choteni Ijumaa.